Waraka wa Majina na Miisho

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa, la hasha. Sheria ya huko inataka anayelitaja jina la nchi alitaje pamoja na vyeo vyake vyote kumi na saba, na mimi karatasi yangu ni ndogo. Wewe elewa tu kwamba ni nchi nzuri, ina amani tele, na wananchi wake wanajua sana kupiga makofi.

Katika nchi hiyo hakuna jambo linaloanza bila mgeni rasmi, na hakuna linalokwisha mpaka mgeni rasmi yule yule alifunge. Waziri akifungua semina, ataifunga yeye. Akisafiri, wanasemina watamsubiri. Kuna kisima kimoja kilizinduliwa huko wilayani na naibu waziri, akashikwa na kizunguzungu kabla hajafunga hafla, akakimbizwa hospitali. Wanakijiji walikaa chini ya maturubai siku nne wakila pilau iliyochacha, maana hakuna aliyekuwa na ubavu wa kusema basi, twendeni nyumbani. Walisifiwa redioni kwa uzalendo wao, na wawili kati yao walilazwa kwa kuharisha.

Siwema Kitojo alikuwa mwandishi wa programu, daraja la tatu, katika Ofisi ya Taifa ya Mitambo. Kazi yake ilikuwa kuiandikia kompyuta ya serikali maagizo. Maagizo hayo huandikwa vipande vipande, na kila kipande huitwa utaratibu: juu kina jina, katikati kina kazi ya kufanya, na chini kabisa kina neno la kuiambia mashine kwamba imefika, iache. Siwema alikuwa na msimamo wake katika mambo haya. Jina liseme kazi, basi. Utaratibu wa kuhesabu umri aliuita hesabu_umri, wa kufungua lango aliuita fungua_lango, na chini ya kila mmoja aliandika neno moja tu, mwisho. Hata mgeni akiusoma alijua unafanya nini na unaishia wapi. Alijivunia jambo hilo kimyakimya, kama mtu anavyojivunia jiko lake kuwa safi.

Sasa bwana, siku moja ofisi ikatembelewa na Mheshimiwa Daktari Balozi Kanali Mstaafu Festo Mbelwa, Waziri wa Magereza, Mitambo na Maua. Alizungushwa huku na huku akiitikia kwa kichwa, mpaka akafika kwenye meza ya Siwema na kuinama mbele ya kioo cha kompyuta. Akaonyesha kwa kidole na kuuliza huu ni wa nani.

Siwema akamwambia ule ni hesabu_umri, mheshimiwa, unahesabu umri. Waziri akasema hajauliza unafanya nini, ameuliza ni wa nani. Mlezi wake ni nani? Nani aliufungua, nani ataufunga? Siwema akajibu kwamba hauna mwenyewe, unaanza ukiitwa na unakwisha ukifika chini.

"Unakwisha wenyewe?" waziri akauliza, na uso wake ukaingia huzuni ya kweli. "Hivi hivi tu, bila mtu?"

Mkurugenzi wa Siwema, Bwana Nuhu Lukindo, alitazama sakafu. Ilibainika siku ile kwamba ndani ya kompyuta ya serikali mlikuwa na taratibu elfu tisa na ushei, zote zikiranda bila walezi kama mbuzi wa sokoni, zikianza bila salamu na kukwisha bila shukrani. Ulikuwa ni mwaka wa sita mambo yanakwenda hivyo, na kilichowauma zaidi wakubwa ni kwamba yalikuwa yakienda vizuri.

*

Waraka Namba Kumi na Nne wa Majina na Miisho ulitoka baada ya wiki mbili, ukiwa na kurasa mia mbili na picha ya waziri akinusa ua. Tangu siku hiyo kila utaratibu ulipewa mlezi, ukabeba jina lake na vyeo vyake vyote bila kufupisha. Kila utaratibu ulianza kwa mashine kuwasalimia waliopo kwa kufuata ukubwa, na kwa kuwa mle ofisini kifaa kikongwe kuliko vyote kilikuwa printa, printa ilisalimiwa kwanza. Na ule mstari wa chini, ule wa mwisho, ulifutwa kila mahali. Badala yake mashine ilitakiwa isimame hapo, itume ujumbe kwenye simu ya kazi ya mlezi, isubiri. Mlezi akibonyeza moja, maana yake nafunga rasmi. Asipobonyeza, kazi hata kama imefanyika yote inahesabika haijakwisha.

Ugomvi wa kugombea taratibu nao ulikuwa mzito. Kila mkubwa alitaka ule wa kuhesabu kura. Katibu mkuu mmoja alipogundua kwamba amepewa ule wa kuorodhesha vyoo vya shule alilia mbele ya dereva wake, ikabidi aongezewe na ule wa kuorodhesha vyoo vya vyuo vikuu ili apoe. Madiwani waligawiwa zile ndogondogo za kujumlisha na kutoa. Diwani mmoja mlezi wa kutoa alipokwenda kumzika mjomba wake huko milimani kusikoshika mtandao, nchi nzima ilikaa siku tano bila kutoa kitu chochote katika kingine, na wataalamu wa uchumi walisema hali imeimarika.

Siwema aliandika majina hayo mpaka vidole vikafa ganzi. Kila mara alipomaliza kuandika jina la utaratibu alikuwa amesahau unafanya nini. Alinung'unika, lakini alinung'unika nyumbani, kwa kaka yake Hashil, ambaye ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki yeye akiwa darasa la pili.

Hashil alikuwa mwoka mikate, mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kumwona mkubwa bila kumtania. Hata Siwema hakumsaza, alimwita Bibi Mitambo. Aliposikia habari za printa kusalimiwa alicheka mpaka akakaa chini, na wiki nzima akawa kila akirudi nyumbani anaipigia friji saluti. Siwema naye alicheka, na machungu ya kazini yakampungukia.

*

Kilichompata Hashil ni hiki. Choo cha soko kilizinduliwa, mgeni rasmi akiwa mkuu wa mkoa, na wafanyabiashara wote wakatakiwa kuhudhuria. Hotuba ilikuwa inaingia saa ya sita. Hashil alikuwa ameacha mikate themanini ndani ya tanuri, akaivumilia mpaka alipoanza kusikia harufu. Akainuka, akajifuta suruali, akaenda zake.

Kumbe kitendo cha mtu mmoja kuondoka ni hatari. Wengine kumi na wawili walimwona, wakadhani hafla imefungwa, nao wakaondoka. Hashil alishtakiwa kwa kosa la kumaliza hafla ya serikali kwa mamlaka yake binafsi. Hakimu alimuuliza kama ana la kusema, Hashil akasema mikate ilikuwa inaungua. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa haonyeshi majuto, akampa miezi mitatu.

Siwema alikwenda kumwona kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza Hashil alimwigizia mkuu wa gereza anavyotembea, wakacheka mpaka askari akawakaripia. Wale wenye kosa kama lake walikuwa na mafunzo yao maalumu: kila siku walikalishwa kwenye viti, wakahutubiwa kuanzia kifungua kinywa mpaka jua kuzama, na aliyejinyoosha kabla ya kuambiwa alianzishiwa hotuba upya. Kufikia mwezi wa pili Hashil alikuwa haigizi mtu tena. Siwema alimtania yeye, akamwita Bwana Mikate, naye akatabasamu kidogo na kuangalia mlangoni kama kuna anayesikia. Dada mtu alirudi nyumbani akalia njia nzima. Alikuwa amebakiza wiki nne za kuhesabu, na alizihesabu.

*

Siku ya tisini ikafika. Utaratibu wa Mheshimiwa Daktari Balozi Kanali Mstaafu Festo Mbelwa wa Kumwachia Mfungwa ulianza saa moja kamili asubuhi bila hitilafu. Uliisalimia printa. Ulisoma majina ya waliomaliza vifungo, arobaini na mmoja. Uliwafuta kwenye daftari la wafungwa, uliwarudishia nguo zao, uliwatoa kwenye mabweni, uliwaingiza kwenye ule ua mdogo ulio kati ya lango la ndani na lango la nje, ukafunga lango la ndani nyuma yao. Kisha ukasimama, ukatuma ujumbe kwa mlezi wake ili afunge rasmi na lango la nje lifunguke.

Saa moja na dakika tatu, redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Mbelwa ametenguliwa uteuzi wake kuanzia saa moja kamili. Alikuwa anapiga mswaki. Simu ya kazi ilichukuliwa kabla hajasukutua.

Basi watu arobaini na mmoja wakakaa pale uani. Hawakuwa wafungwa, hivyo ugali wa gereza haukuwahusu. Hawakuwa wameachiwa, hivyo hawakuweza kwenda. Ua wenyewe haukuwa na paa, kwa kuwa mchoraji wa jengo hakutegemea mtu akae pale zaidi ya dakika moja. Ndugu zao waliwapitishia chakula chini ya lango, chapati moja moja, kwa kuwa ndizo zilizopenya.

Siwema alikwenda mbio kwa Bwana Nuhu Lukindo, ambaye sasa alikuwa amepandishwa kuwa Mkurugenzi wa Majina. Mkurugenzi huyu hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akampa pole, akamwitia chai. Siwema akamweleza kwamba ni mstari mmoja tu. Aufute ule wa kusubiri, aandike mwisho kama zamani, lango litafunguka kabla chai haijapoa.

Bwana Lukindo alifunga mlango kwanza. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba angekuwa mtu mwingine aliyesema hayo angemfukuza kazi. Kubadili mwisho wa utaratibu kunahitaji kamati, kamati inahitaji kufunguliwa, na wa kuifungua ni waziri. Asubiri waziri mpya.

Waziri mpya aliteuliwa siku ya sita tangu watu wale wakae uani, Mheshimiwa Kundael Sembeti, mwanamama mwenye sauti ya upole. Siwema alingoja kwenye kochi la nje ya ofisi yake kutwa nzima, akaingizwa. Mheshimiwa Sembeti alisikiliza mpaka mwisho na machozi yakamlengalenga. Alisema anaumia kama mama. Lakini hawezi kufunga kitu alichokifungua mtu mwingine, yeye hajui huko mwanzoni kilisemwa nini, na akianza kuchovya mkono katika shughuli za wenzake nchi itakuwa haina adabu. Afunge yule aliyefungua.

"Lakini yule si mheshimiwa tena," Siwema akasema.

"Hilo kweli," waziri akasema. "Kwa hiyo hata yeye akifunga haitakuwa rasmi." Akamkabidhi ua moja, kwa niaba ya wizara, na kumsindikiza mpaka mlangoni.

Pale nje katibu wake alimwambia jambo lingine, bila ubaya, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Sheria ya Magereza inasema mtu asiye mfungwa akikutwa ndani ya gereza zaidi ya siku kumi na nne bila kibali ni mvamizi. Kifungo chake miezi sita. Fomu zilikuwa zimeshaanza kujazwa ili siku ikifika kazi iwe rahisi.

*

Siku ya kumi na mbili Siwema alikwenda nyumbani kwa Festo Mbelwa. Alimkuta akimwagilia maua, kavaa fulana, na bila suti alionekana mfupi. Siwema akamwamkia shikamoo, mzee akaitika marahaba kwa furaha kubwa, maana ilikuwa wiki nzima hajaamkiwa na mtu ambaye yeye hamlipi mshahara.

Alipoelezwa, hakubisha hata kidogo. Akanyoosha kiganja aletewe simu abonyeze moja, na mkono ukabaki hewani mpaka alipokumbuka kwamba simu si yake. Akauliza ni wangapi. Siwema akasema arobaini na mmoja.

"Nilikuwa nawabonyeza Ijumaa, baada ya chakula cha mchana," mzee akasema. "Wote kwa pamoja. Nilikuwa sijui kama wiki nzima wanasimama pale."

Akakaa kwenye ndoo aliyokuwa ameifudikiza, akatazama maua yake. Alisema kwa kweli alidhani kitu kikikwisha bila mtu kukifunga ni kama mtu kufa bila kuzikwa. Sasa yeye mwenyewe amekwisha na hakuna aliyekuja kumfunga, hata neno la shukrani hakupewa. Akaomba kama Siwema ana nafasi amsikilize kidogo. Siwema alikuwa hana nafasi, lakini alikaa. Mzee alisimama akamhutubia saa nzima, akiwashukuru wahisani wasiokuwepo, na alipomaliza Siwema alimpigia makofi kwa sababu alimwonea huruma. Hakutoka na kitu kingine pale zaidi ya mche wa waridi.

Usiku ule hakulala. Siku ya kumi na tatu aliomba kuonana na kaka yake kwenye ule upenyo chini ya lango, akaona vidole vyake tu. Vilikuwa vimevimba. Alimuuliza hali, Hashil akamjibu kwamba wanaendelea vizuri na wanaishukuru serikali.

Kesho yake, siku ya kumi na nne, ofisi nzima ya Siwema ilikwenda kwenye semina ya kupongeza Waraka. Yeye alisema anaumwa tumbo, na kwa namna fulani ilikuwa kweli. Akakaa mbele ya kompyuta saa sita mchana, akaandika utaratibu mpya wa mistari minne. Aliuita toa_watu_nje. Haukumsalimia mtu yeyote, hata printa. Chini yake akaandika mwisho, akausoma mara mbili, akaona kila kitu kipo mahali pake, akabonyeza.

Hakungoja kuona. Alitoka mbio, akakodi bodaboda, akamwambia dereva gerezani, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake na kujifuta macho kwa kilemba. Alikuwa ameshaanza kupanga atampikia nini.

*

Alilikuta lango la nje limefunguka wazi, pande zote mbili, na barabara inaonekana mpaka kituo cha mafuta. Na ndani ya ua, kwenye mistari minne iliyonyooka, watu arobaini na mmoja walikuwa wamesimama wakiliangalia.

Hakuna aliyekuwa amesogeza mguu. Askari wa lango naye alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akilitazama lango kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Hapo nje mwendesha mashtaka alikuwa ameshatandika meza yake na fomu arobaini na moja zilizojazwa, bado tarehe tu. Aliangalia saa. Ilikuwa saa saba na robo, na kwa hesabu ya ofisi za serikali siku ya kumi na nne ilikuwa inakwisha saa nane.

Siwema alimfuata kaka yake pale mstari wa mbele. Alikuwa amepungua nusu, nguo zake zinamning'inia. Akamshika mkono, akamwambia twende, kaka, imekwisha.

"Nani kafunga?" Hashil akauliza.

Akamwambia hakuna aliyefunga, imekwisha yenyewe, yeye ameandika mwisho na lango limefunguka, si analiona. Hashil aliliona. Aliliangalia lango, akamwangalia mwendesha mashtaka, akaangalia viatu vyake.

"Nani kafunga, Siwema?"

Akamvuta. Mtu aliyemlea, aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda naye shule, alikaza miguu asitoke nje. Akamvuta tena kwa nguvu zote, akamwambia mpumbavu, akamwambia tafadhali. Nyuma yake wale wengine arobaini walisimama kwa adabu kubwa, wakisubiri. Mwendesha mashtaka alifungua kalamu.

Hapo Siwema akapandwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Akamwachia kaka yake mkono. Akaenda kwenye ile meza, akapanda juu yake na viatu vyake, juu ya zile fomu, akajitengeneza kilemba. Akakohoa.

"Mimi, Mheshimiwa Daktari Profesa Balozi Siwema Kitojo, mlezi wa shughuli hii," akasema, "kwanza kabisa naomba nitambue uwepo wa mwendesha mashtaka."

Mwendesha mashtaka akasimama wima. Hakuna aliyeuliza vyeo hivyo kavipata wapi. Katika nchi ile wanaoulizwa vyeti ni wale tu wasio na vyeo. Askari akapiga saluti. Siwema alitaka kusema dakika mbili amalize, lakini alipofika dakika ya pili aliona macho yao yanaingiwa na wasiwasi, wakidhani si mheshimiwa wa kweli. Akaendelea. Aliwatambua walinzi, akautambua ukuta. Alisifu hali ya hewa, akaeleza alikotoka na changamoto alizopitia, akaahidi choo. Kadiri alivyorefusha ndivyo nyuso zilivyopata amani. Saa nane kasoro dakika tano akainua mkono.

"Kwa hayo machache, natamka kwamba zoezi hili limefungwa rasmi."

Makofi yalikuwa makubwa. Mwendesha mashtaka alipiga kuliko wote. Kisha ile mistari minne ikageuka, ikatoka langoni mmoja mmoja bila kusukumana, na kila mtu alipopita mbele ya ile meza aliinamisha kichwa.

Siwema akashuka. Wakaanza kwenda nyumbani kwa miguu, yeye na kaka yake. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Alimsimulia habari ya mzee Mbelwa na ndoo yake, akaigiza sauti ya Mheshimiwa Sembeti, akamwonyesha jinsi Bwana Lukindo alivyofunga mlango kwa hofu, akasubiri kicheko. Hakikuja. Alipogeuka akakuta Hashil yuko nyuma yake, hatua mbili kamili.

Akapunguza mwendo ili wawe sawa. Naye Hashil akapunguza.

"Kaka, si utembee hapa na mimi."

"Hapana, Mheshimiwa," Hashil akasema. "Tangulia tu."

Siwema alimtazama usoni, akitafuta ule utani wake. Alitafuta kwenye macho, akatafuta kwenye pembe za mdomo, kote ulikokuwa ukijificha tangu yeye ni mtoto. Kaka yake aliinamisha kichwa na kusubiri aendelee kutembea.